Roketi ndogo za hobi: jiulize siku ikifeli itamkuta nani

Ukimuuliza mtu ambaye hajawahi kurusha roketi ya hobi ni wakati gani wa kuogopa zaidi, atakwambia ni pale moto unapowaka, moshi unatimka na kile kidude kinachomoka kwenda juu. Kumbe sio. Mi wakati ninaouogopa kuliko yote ni ule wa kimya. Mmeshahesabu tano nne tatu mbili moja, kitufe kimebonyezwa, na hamna kitu. Roketi imesimama palepale kwenye fimbo yake, hamna moshi, hamna mlio, na watu wote wamegeuka kumwangalia aliyeshika kontrola. Hapo ndo miguu inaanza kuwasha, mtu anataka kukimbia akaangalie waya umechomoka wapi.

Niliwahi kumuona kijana mmoja akichomoka hivyohivyo, ufunguo bado uko kwenye kontrola na mwenzake bado kaishika mkononi, kidole kiko juu ya kitufe. Alikuwa kashafika nusu ya njia tukapiga kelele wote kwa pamoja, akasimama. Hakikutokea kitu siku ile, tulipokuja kuangalia baadaye tukakuta vile viklipu viwili vya waya vimegusana kwa hiyo umeme ulikuwa unapita hapo badala ya kwenda kwenye kiwashio, lakini hebu fikiria: angefika pale, akainama, uso uko karibu kabisa na roketi, akavitenganisha viklipu kwa vidole, huku yule mwenzake kwa wasiwasi anabonyeza tena. Mota ikishawaka hakuna kuizima, itaungua mpaka iishe.

Ndo maana kuna sheria ya sekunde 60. Roketi isipowaka unachomoa ufunguo wa usalama kwenye kontrola (au unatoa waya wa betri), unakaa ulipo dakika nzima, ndo unaenda, na ule ufunguo unaenda nao mfukoni. Dakika ni kwa sababu kuna kitu kinaweza kuwa kinaungua polepole kule ndani na nyie hamkioni. Ufunguo mfukoni ni kwa sababu hata rafiki yako wa kufa na kuzikana hupaswi kumwachia kitufe ambacho akikigusa anayeungua ni wewe.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Watu wengi wanadhani usalama maana yake ni kutengeneza roketi isiyofeli, na hiyo haipo. Viwashio vinagoma, parachuti zinakataa kufunguka, mota zinapasuka, upepo unageuka. Usalama wa hobi hii umejengwa juu ya swali jingine kabisa: siku ikifeli, itamkuta nani? Ukilishika swali hilo zile sheria zinazoonekana nyingi na za kuchosha zinaanza kuwa kitu kimoja, na hata ukisahau namba fulani bado utajua ufanye nini.

Mota: hapa hamna ubunifu

Sehemu zote za roketi ndogo unaweza kuzitengeneza mwenyewe mezani. Bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, pua ya plastiki au mbao, parachuti ya nailoni au ya plastiki laini. Paka rangi unayotaka, andika jina la mama yako ubavuni, sawa tu. Sehemu moja tu huitengenezi: mota. Mota unanunua iliyotengenezwa kiwandani na ikathibitishwa, unaitumia mara moja, basi.

Sheria hii ilikuja baada ya watu kuumia. Marekani miaka ya 1950 vijana walikuwa wanajitengenezea roketi za mabomba ya chuma na kushindilia kemikali wenyewe, na tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti waliporusha Sputnik hamu ile ikapanda maradufu, na vidole na macho vikaendelea kupotea. Jawabu lilitoka kwa mtu ambaye usingemtegemea, Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, ambaye alikuwa anapenda sana fataki. Mwaka 1954 alitengeneza roketi nyepesi ya karatasi na mbao yenye parachuti, na mota yake ilikuwa kitu kinachochomekwa kikiwa tayari na kutolewa baada ya kutumika, yaani anayerusha hagusi baruti hata chembe. Mwaka 1957 akaituma roketi hiyo kwa G. Harry Stine, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha majaribio ya roketi cha White Sands na alikuwa ameandika juu ya usalama wa roketi. Stine akaelewa palepale kwamba hili ndo suluhisho, mwaka huohuo kikaanzishwa NAR, chama cha Marekani cha warushaji wa roketi za hobi, na mwaka 1959 Vern Estes akajenga mashine ya kutengeneza mota hizo kwa wingi, moja ikifanana na nyingine.

Kufanana huko ndo siri yenyewe. Baruti ikishindiliwa kwa mkono, sehemu moja inakuwa ngumu, nyingine ina ufa ambao macho hayauoni. Ufa ukikutana na moto, eneo linaloungua linaongezeka ghafla, gesi inakuwa nyingi kuliko tundu la nyuma linavyoweza kuitoa, na bomba linapasuka. Sasa bomba hilo kama ni la karatasi unapata mlio mkubwa na vipande vinavyoungua, kama ni la chuma una kombora la vyuma vikali mkononi. Kwa hiyo nikiona mtu anaulizia namna ya kutengeneza mota jikoni kwa vitu vya nyumbani nasema wazi, achana nayo kabisa, hakuna pesa utakayookoa pale yenye thamani ya jicho lako moja.

Hata ya dukani nayo ina adabu zake. Usiiache kwenye gari linalochemka juani halafu usiku ikapoa halafu kesho tena, kwa sababu kupanuka na kusinyaa kunaweza kuifanya baruti iachane na ukuta wa karatasi na pale moto unapata njia ya mkato. Iliyoanguka kwenye sakafu ngumu usiitumie, na iliyolowana usiikaushe. Mi kabla ya kuichomeka naishika kwenye mwanga, natazama ule udongo mgumu wa tundu la nyuma kama haujamomonyoka, napitisha kidole ubavuni kuhisi kama karatasi haijavimba. Ni sekunde kumi tu. Na usiifungue, usiichimbe, usiijaze upya.

Zile herufi na namba

Ubavuni mwa mota kuna maandishi kama B6-4 au C6-5 na hapa ndo wengi wanachanganyikiwa, wanadhani ni namba ya bidhaa. Sio, ni maelezo yenyewe ya mota.

Herufi inakwambia jumla ya nguvu iliyomo, kipimo chake nyutoni-sekunde, na kila ukipanda herufi moja kiwango cha juu kinakuwa mara mbili. A inaishia 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10, D 20, E 40, F 80, G 160. Iangalie vizuri hiyo ngazi kwa sababu macho yanadanganya. Kutoka A kwenda C unaona ni hatua mbili tu, kumbe umeongeza mara nne, na kutoka A mpaka G ni mara 64. Mtu anayesema “nimezoea A sasa naruka kwenye E” hajui anachokisema, kwa sababu ile E inahitaji roketi nyingine, uwanja mwingine na umbali mwingine.

Namba ya kwanza ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. 6 maana yake inasukuma kwa wastani wa nyutoni 6, ni kama uzito wa kitu cha gramu 600 kikiwa kiganjani mwako. Kwa hiyo C ya nyutoni-sekunde 10 inayosukuma kwa 6 inaungua kama sekunde moja na nusu hivi na ushee, basi imekwisha. Safari iliyobaki yote roketi inapanda kwa mwendo ilioupata tu, kama jiwe lililorushwa.

Namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri. Baruti ya kusukuma ikiisha, kuna tabaka jingine linaloungua polepole na kutoa moshi bila kusukuma, na hilo likiisha linawasha kabaruti kadogo kanakopuliza gesi kwa mbele, pua inachomoka na parachuti inatoka. Kusubiri huko ni kwa ajili ya kuipa roketi nafasi ya kufika juu kabisa, pale inapokaribia kusimama kabla ya kugeuka. Ikifyatuka mapema roketi bado iko kasi, parachuti inachanika au ile kamba inaupasua mwili wa karatasi kama uzi unavyokata mkate laini. Ikichelewa, roketi imeshageuza pua inashuka kwa kasi, na hiyo ndo mbaya zaidi maana sasa kuna kitu kinachokuja chini kama mkuki. Ukiona namba ya mwisho ni 0 hiyo haina kusubiri, ni ya hatua ya chini kwenye roketi za ghorofa mbili, usiitumie peke yake.

Kwa nini roketi nzito ni hatari kuliko roketi yenye nguvu

Hili ndo ningependa ulikae nalo, kwa sababu linaelezea ajali nyingi ambazo watu wanazisingizia upepo.

Roketi haina usukani. Kinachoifanya iende wima ni hewa inayopita kwenye mapezi, na hewa hiyo haina maana mpaka roketi iwe na mwendo wa kutosha. Ndo kazi ya ile fimbo ya chuma, kama sentimita 90 hivi, inayopita kwenye kabomba kadogo ubavuni: inaishikilia mpaka ipate mwendo. Ikiachana na fimbo kabla ya mwendo kutosha, mapezi hayajaamka, na roketi inakwenda kokote.

Sasa tupige hesabu. Chukua mota inayosukuma kwa nyutoni 10 pale mwanzoni, maana mota za baruti nyeusi huanza na kishindo kikubwa kuliko wastani wake. Ukiiweka kwenye roketi ya gramu 50, mwisho wa fimbo itakuwa kwenye kama mita 18 kwa sekunde. Mota ileile kwenye roketi ya gramu 150, kwa sababu umeongeza rangi nene, gundi nyingi na kamera, itatoka kwenye fimbo na mita 10 kwa sekunde. Haya weka upepo wa mita 5 kwa sekunde unaotoka pembeni. Kwa ile nyepesi hewa inaonekana kuja kutoka mbele na imeegemea pembeni nyuzi kama 15. Kwa ile nzito ni karibu nyuzi 27. Na mapezi kazi yake ni kuielekeza pua kule hewa inakotoka! Kwa hiyo roketi nzito inapinda kuelekea upepo kwa nguvu zaidi, inalala, na badala ya kwenda juu inakwenda mbele, na kwa kuwa imelala ile taimingi ya parachuti haifai tena kwa sababu inaweza kufika chini kabla sekunde hazijaisha.

Kwa hiyo mtu akiona roketi yake imelala akasema ni upepo, mara nyingi upepo ulikuwepo ndio, ila chanzo alikuja nacho kutoka mezani. Soma uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji wa mota, pima roketi yako ikiwa na kila kitu ndani, usikisie. Kanuni za NAR zinaweka na ukomo wa jumla pia, roketi ya kundi hili isizidi gramu 1500 na baruti yake isizidi gramu 125, ukizidi hapo uko kwenye kundi kubwa lenye vyeti na masharti yake.

Kitu cha pili ni mizania. Kila roketi ina kitovu cha uzito, pale ukiiweka juu ya kidole inatulia bila kuangukia upande, na ina kitovu kingine ambapo ni kama nguvu zote za hewa zinasukumia hapo. Cha uzito lazima kiwe mbele, karibu na pua, kwa umbali usiopungua upana wa bomba moja. Roketi ya bomba la sentimita 2.5, basi sentimita 2.5 au zaidi kidogo. Vikigeuzana, hewa badala ya kuinyoosha inaipindua na unapata roketi inayozunguka angani kama kuku aliyechinjwa huku mota bado inawaka. Kukokotoa kitovu cha hewa kuna hesabu za James Barrowman za miaka ya 1960 na siku hizi programu za kompyuta zinakufanyia, ila kuna kipimo cha zamani ambacho bado nakipenda. Chomeka mota (bila kiwashio!), ifunge kamba pale kwenye kitovu cha uzito, tafuta sehemu wazi, izungushe juu ya kichwa chako taratibu halafu kwa kasi. Ikitangulia na pua, nzuri. Ikitangulia na mkia au ikiyumbayumba bila kutulia, ongeza uzito kidogo kwenye pua au weka mapezi makubwa zaidi, rudia.

Na mwili wote uwe wa karatasi, mbao, plastiki laini. Usiweke pua ya chuma ati kwa ajili ya uzito. Kumbuka lile swali letu, ikimkuta mtu, karatasi inakunjika, chuma hakikunjiki.

Uwanja na umbali

Watu wakishanunua kila kitu ndo wanaanza kutafuta pa kurushia, mi naona ingekuwa kinyume chake, tafuta uwanja kwanza halafu uwanja ukwambie ununue mota ya ukubwa gani. Kwa kanuni za NAR, upande mfupi wa uwanja uwe angalau mita 30 kwa mota ya A, mita 61 kwa B, mita 122 kwa C, mita 152 kwa D, na kuanzia E unahitaji kama mita 305. Hizo ndo za chini kabisa na ni za siku tulivu. Usirushe upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa. Binafsi naona hata nusu ya hapo kwa roketi nyepesi ni kutafuta kuipoteza.

Hesabu ya parachuti ni rahisi na inafungua macho. Roketi nyepesi ya C inaweza kufika mita 200 na zaidi. Ikishuka kwa mita 4 kwa sekunde itakaa hewani sekunde 50, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaibeba mita 250. Uwanja wako una mita 122, kwa hiyo inatua barabarani au kwenye paa la mtu. Dawa yake ni kuifanya ishuke haraka kidogo: parachuti ndogo, au itoboe tundu katikati, au weka utepe mrefu badala ya parachuti kama roketi ni nyepesi sana. Parachuti kubwa sana sio usalama, unapunguza kishindo cha kutua lakini unaipeleka roketi mahali usipopajua.

Umbali wa watu: mota mpaka D, kila mtu asimame si chini ya mita 4.6, kubwa zaidi ya hapo mita 9. Mi na watoto naongeza, hamna anayepungukiwa na kitu. Na wote wawe upande mmoja, nyuma ya anayerusha, wamesimama, maana aliyekaa kwenye kiti akiona roketi inarudi hawezi kuruka pembeni haraka.

Halafu moto. Chini ya roketi kuna bamba la chuma la kuzuia moto usipige ardhi, hilo ni lazima, lakini halitoshi kama nyasi ni kavu. Safisha eneo mpaka udongo uonekane, weka ndoo ya maji pale pale, sio kwenye gari. Ukiwa kwenye kiangazi na kila kitu kimekauka, acha. Kwenye bomba la roketi pia kuna mahali pa kuzuia moto, kati ya mota na parachuti unaweka zile karatasi maalumu zisizoshika moto, zikunje kwa ulegevu zijaze bomba bila kushindiliwa. Usiweke tishu za kawaida. Tishu inashika moto na inashuka ikiwa bado inafuka, kwenye nyasi za watu.

Dakika tano za mwisho

Fimbo ya kurushia inanipa wasiwasi hata bila mota. Ukiitazama kwa ubavu unaona chuma chembamba, lakini ukiinama nayo ikiwa imekuelekea huoni fimbo, unaona kinukta tu, na kinukta hicho kiko sawasawa na jicho lako. Iweke juu kuliko macho, au ivalishe kifuniko mpaka dakika ya kurusha. Naweka kizibo cha rangi ya kung'aa na nakitoa mwisho kabisa.

Kiwashio kinaingizwa mpaka ncha yake iguse baruti, halafu unakibana na kile kiplagi cha plastiki. Isipogusa ndo chanzo kikubwa cha ule ukimya niliouanza nao. Viklipu visafishe, vipishane, visigusane wala visiguse bamba la chini. Kiwashio unakiweka roketi ikiwa iko uwanjani, sio nyumbani, sio kwenye gari. Na kuwasha ni kwa umeme tu kupitia kontrola yenye ufunguo na kitufe kinachorudi chenyewe ukikiachia. Utambi na kiberiti hapana, kwa sababu utambi ukishawaka huwezi kubadili mawazo, na mara nyingi kinachotokea kati ya kuwasha na kuruka ni mtoto anayekimbilia mpira wake.

Elekeza fimbo wima, ukiilaza isizidi nyuzi 30 kutoka wima, na usiielekeze kwenye kitu chochote kama shabaha. Hii sio silaha na siku mtu akiifanya silaha hobi inaharibika kwa wote. Angalia juu: ndege, helikopta, hata drone. Usirushe kwenye mawingu, kwa sababu huwezi kujua nani anapita humo usikokuona. Usipakie kitu kinachowaka wala mnyama, hata mdudu, roho ile haijakuomba safari.

Kuhusu sheria za serikali, zinatofautiana nchi na nchi na ndo maana sikupi jibu moja. Kuna wanaohesabu mota kama fataki, kuna wanaozihesabu kama baruti zinazohitaji kibali, na karibu kila mahali mamlaka ya anga ina neno lake hasa ukiwa karibu na kiwanja cha ndege. Uliza mamlaka ya anga, uliza polisi kuhusu kununua na kutunza mota, omba ruhusa ya mwenye uwanja, na majirani waambie. Mlio wa ghafla na moshi mahali watu hawakutegemea unaweza kuleta taharuki kubwa, na salamu ya dakika mbili asubuhi inamaliza yote hayo. Kama kuna klabu karibu, jiunge, utajifunza kwa siku moja kwa macho yako kuliko kusoma mwezi mzima.

Kisha unapaza sauti, “narusha!”, unaangalia watu wote wanakuangalia, unahesabu kwa sauti. Ikiruka usiondoe macho. Kama parachuti imekataa, piga kelele na uonyeshe kwa mkono iko wapi, na kila mtu aitazame mpaka iguse chini. Hakuna kukimbia kinyumenyume ukiwa umegeuka, ndo watu wanavyoangukiana. Na hakuna kuidaka, hata ikiwa inashuka taratibu na parachuti nzuri, maana unayeidaka unaangalia juu huku unakimbia.

Ikinasa kwenye nyaya za umeme imekwenda. Usichukue fito, usirushe jiwe, usimtume mtoto mwepesi wa kupanda. Ukiona kuna hatari nyaya zikaguswa wapigie watu wa umeme waitoe wenyewe, na kesho utatengeneza nyingine, ni karatasi na mbao tu.

Ikitua vizuri subiri ipoe kidogo kabla ya kuishika, mota inakuwa ya moto baada ya kuungua. Ninapoifikia naangalia kwanza chini, sio roketi yenyewe: zile karatasi za kuzuia moto zimeangukia wapi, kuna kinachofuka, nyasi zina moshi. Nazunguka hatua kadhaa kila upande, nagusa kwa mguu, nanusa. Halafu ndo natoa mota iliyotumika, bomba jepesi lenye masizi ndani, nalitia kwenye ndoo ya maji pamoja na kiwashio kilichoungua, na narudi kumpa anayefuata ufunguo.